Kosa si la Mkrete: dhana potofu kuhusu kweli kinzani

Shuleni kweli kinzani hufundishwa kama tamathali ya usemi: maneno yanayoonekana kupingana huku ndani yake mna ukweli. Kwa mtihani wa ushairi inatosha. Lakini wanafalsafa na wachumi nao wana kweli kinzani zao, na hizo zimezungukwa na makosa ambayo watu huyarudia kwa kujiamini kabisa.

"Kweli kinzani ni mambo mawili yanayopingana"

"Haraka haraka haina baraka" inapingana na "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako", lakini hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa hilo. Kila methali ina wakati wake. Kweli kinzani ni kitu kingine: unaanza na mambo ambayo kila mtu anayakubali, unapiga hatua ambazo hakuna anayeziona kasoro, kisha unajikuta umefika mahali ambapo hakuna anayekubali kukaa. Hapo ama ulimeze hitimisho hilo, ama utafute hatua iliyoteleza, ama uachane na jambo mojawapo uliloanza nalo.

Mfano umo ndani ya methali nyingine, haba na haba hujaza kibaba. Eubulides wa Mileto, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeishi karne ya 4 K.K., ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuligeuza wazo hilo kuwa mtego. Punje moja si lundo. Kisicho lundo hakiwi lundo kwa kuongezewa punje moja. Basi ongeza hadi punje milioni, bado huna lundo! Ni wapi hasa tulipokosea? Wanafalsafa wanabishana mpaka leo.

"Mkrete aliyesema Wakrete wote ni waongo alituachia fumbo lisilo na jibu"

Hili ndilo kosa ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hata vitabu vya heshima hulirudia. Kauli hiyo huhusishwa na Epimenides, mwenye hekima wa Ugiriki ya kale, naye mwenyewe Mkrete, yaani mtu wa kisiwa cha Krete, na mwangwi wake umo katika waraka wa Paulo kwa Tito, sura ya 1, mstari wa 12.

Ipime polepole. Tuseme mwongo ni mtu asiyesema kweli hata siku moja. Kama kauli ni ya kweli, basi Epimenides, akiwa Mkrete, amesema uongo, kwa hiyo haiwezi kuwa ya kweli. Hadi hapo sawa. Je, ikiwa ya uongo? Wengi hukimbilia kusema kwamba basi Wakrete wote ni wakweli, na yeye akiwemo. Siyo. Kinyume cha "wote ni waongo" ni "yupo angalau mmoja asiye mwongo", na mmoja huyo anaweza kuwa jirani yake, mkwe wake, yeyote yule. Epimenides alisema uongo, basi. Hakuna fumbo.

Fumbo lenyewe ni la Eubulides tena. Hebu soma: "Sentensi hii ni ya uongo." Ikiwa ni ya kweli, basi ni ya uongo kama inavyodai. Ikiwa ni ya uongo, basi inachodai ndicho kilivyo, kwa hiyo ni ya kweli. Hapa hakuna jirani wa kukuokoa.

Kosa kama lile la Mkrete hufanywa pia kwa yule kinyozi wa kijijini anayewanyoa watu wote wasiojinyoa wenyewe, na hao tu. Anajinyoa au hajinyoi? Jibu ni fupi kuliko watu wanavyotaka: kinyozi wa namna hiyo hawezi kuwepo, kama vile duara lenye pembe haliwezi kuwepo. Kilichomsumbua mwanafalsafa Bertrand Russell mwaka 1901 ni seti, yaani mkusanyiko, ya seti zote ambazo hazimo ndani yake zenyewe: yenyewe ikiwemo, basi haimo; isipokuwemo, basi imo. Hiyo huwezi kuifukuza kwa kusema haipo, kwa sababu kanuni ambazo mwanahisabati Gottlob Frege alikuwa amejengea hesabu nzima zililazimisha iwepo. Russell alimwandikia barua Juni 1902, wakati juzuu ya pili ya kazi ya Frege iko mitamboni. Frege aliweza tu kuongeza kiambatisho, akikiri kwamba msingi umetikisika. Kinyozi ni kielelezo cha kuchangamshia darasa. Seti ile iliwalazimisha wanahisabati kuandika upya kanuni zao.

Zeno, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye huonewa. Alitoa hoja kwamba Achilles, shujaa mwenye mbio, hawezi kumfikia kobe aliyetangulia, kwa sababu kila afikapo pale kobe alipokuwa, kobe ameshasogea mbele kidogo. Watu humcheka eti hakujua kwamba Achilles angempita kobe. Mpe kobe nafasi ya kutangulia mita 100, mpe Achilles kasi mara 10 ya kobe, kisha jumlisha 100, 10, 1 na kuendelea bila mwisho: atamfikia baada ya mita 111 na sehemu moja ya tisa. Zeno alikuwa na macho kama sisi. Alichokuwa akifanya ni kumtetea mwalimu wake Parmenides, aliyeshikilia kwamba kilichopo ni kimoja na hakibadiliki, kwa kuonyesha kuwa wanaoamini mwendo nao wana maswali yao ya kujibu.

"Ufanisi hauna maana, Jevons alishathibitisha"

Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliandika mwaka 1865, Uingereza ikiwa na wasiwasi wa kuishiwa makaa ya mawe. Aliona kwamba injini ya mvuke ya James Watt ilitumia makaa machache kwa kazi ileile kuliko zilizoitangulia, na bado matumizi ya makaa ya nchi nzima yalipanda. Sababu ni kwamba nguvu ya mvuke ilipokuwa rahisi, viwanda ambavyo zamani visingeimudu viliikimbilia.

Kuanzia hapo watu huruka hadi kusema kila kifaa kinachookoa nishati huishia kuila zaidi. Jevons alieleza hali ambayo mahitaji hupanuka sana bei inaposhuka. Mahitaji mengine hayapanuki hivyo. Mtu aliyenunua friji inayotumia nusu ya umeme hanunui friji ya pili na ya tatu ili kusherehekea. Sehemu ya akiba huliwa na matumizi mapya, wakati mwingine ndogo, wakati mwingine yote na zaidi. Inabidi kupima kila mara.

Mchumi John Maynard Keynes naye husingiziwa kwamba alilaani kuweka akiba. Hoja yake ya 1936 ilihusu uchumi uliodorora: matumizi ya mmoja ni mapato ya mwingine, hivyo wote wakibana mikono kwa wakati mmoja, mapato ya wote hushuka na akiba ya jumla inaweza isiongezeke hata kidogo. Hilo halikuambii wewe ufanye nini na mshahara wako.

"Marafiki zangu wana marafiki wengi kuliko mimi, bila shaka nina kasoro"

Huna, au angalau hesabu hii haionyeshi hivyo. Scott Feld, mwanasosholojia, aliliandikia jambo hili mwaka 1991. Chukua watu wanne. Mmoja anafahamiana na wote watatu. Hao watatu hawafahamiani. Wastani wa marafiki ni 1.5. Lakini watatu kati ya wanne wakimtazama rafiki yao wanaona mtu mwenye marafiki 3. Mwenye marafiki wengi huonekana kwenye orodha za wengi, na mpweke haonekani kwa mtu yeyote, kwa hiyo kila anayechungulia anawaona zaidi wale wenye watu.

Watafiti Nicholas Christakis na James Fowler waliutumia ukweli huu wakati wa homa ya mafua ya 2009. Waliwafuatilia wanafunzi wa Harvard waliochaguliwa kwa bahati nasibu pamoja na watu ambao wanafunzi hao waliwataja kuwa marafiki. Mlipuko ulilifikia kundi la marafiki takriban wiki mbili mapema.

"Popper alisema wasiovumilia wanyamazishwe"

Mwanafalsafa Karl Popper aliliweka jambo hili kwenye tanbihi ya kitabu chake cha 1945, na watu hunukuu nusu yake: uvumilivu usio na mpaka huishia kuufuta uvumilivu. Palepale anaongeza kwamba hasemi kauli za wasiovumilia zizimwe kila mara. Maadamu zinaweza kujibiwa kwa hoja na kuzuiwa na maoni ya umma, kuzizima kungekuwa ukosefu mkubwa wa busara. Haki ya kutumia nguvu aliihifadhi kwa ajili ya wale wanaokataa mjadala wenyewe, wakiwafundisha wafuasi wao kujibu hoja kwa ngumi au bastola. Mpaka aliouweka ni kitendo cha kuukimbia mjadala. Ukali wa maoni peke yake hakuugusa.