Wasiwasi hauondoki kwa kuambiwa "usiwaze"

"Acha kuwaza, utakuwa sawa." Huu ndio ushauri mwepesi kuliko yote, na ndio unaofanya kazi kidogo zaidi. Mwaka 1987, huko Marekani, mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia akilini wapige kengele. Kengele zikawa zinalia. Waliporuhusiwa kumuwaza, dubu aliwajia mara nyingi kuliko alivyowajia wale walioambiwa wamuwaze tangu mwanzo. Ila walioelekezwa wawaze Volkswagen nyekundu kila dubu akitokea, hawakusumbuliwa kiasi hicho baadaye. Akili inahitaji pa kwenda.

"Mtu anayeweza kutawala umakini wake hashtuki." Anashtuka kama wengine. Mwaka 2002, wanasaikolojia Douglas Derryberry na Marjorie Reed waliwapima watu wenye wasiwasi kwa kuwaonyesha alama za jambo baya kwenye skrini. Robo sekunde baadaye, umakini wa wote ulikuwa bado umenasa pale penye ubaya. Ilipofika nusu sekunde wakaachana: wenye uwezo mzuri wa kutawala umakini walikuwa wanajinasua, wengine bado wamekwama palepale. Kwa hiyo tofauti iko kwenye kujinasua, na mtu asijilaumu eti moyo umemwenda mbio.

"Mwenye hofu ya mtihani hajasoma." Walimu wengi wanaamini hivi, na kwa maoni yangu wanawaonea watoto. Mtazame mtahiniwa wa kidato cha nne: swali moja analisoma mara tatu, jicho kwenye saa ya ukutani, sikio kwenye viatu vya msimamizi anayepita nyuma yake. Mwanasaikolojia Michael Eysenck na wenzake walieleza mwaka 2007 kwamba wasiwasi huyumbisha umakini, ukavutwa na kila kinachotisha badala ya kufuata kazi iliyopo. Anaweza kupata alama zilezile na jirani yake, lakini kwa jasho mara mbili. Jibu huonekana kwenye karatasi, jasho halionekani.

"Kuna mchezo wa simu unaotibu wasiwasi kwa kufundisha macho yakwepe sura za hasira." Upo, na umefanyiwa utafiti mwingi. Matokeo yanapingana, na pale unaposaidia, nafuu yake kwa kawaida ni ndogo. Tiba ya mazungumzo inayomsaidia mtu kubadili fikra na mwenendo wake ina ushahidi imara zaidi.