Kisimamo cha usiku ni swala gani hasa?

Tajeni kisimamo cha usiku, na wengi watamfikiria mcha Mungu anayeamka manane, akatawadha kwa maji baridi na kuswali mpaka adhana ya alfajiri. Huyo yumo, lakini hayuko peke yake. Kisimamo cha usiku, au qiyamul-layl, ni swala ya sunna inayoswaliwa baada ya isha na baadiya yake (sunna inayoifuata), mpaka kuingia alfajiri. Aliyeswali rakaa mbili saa nne usiku, kisha akapanda kitandani, naye amesimama.

Tahajudi imo ndani ya kisimamo hicho. Asili ya neno ni kuuacha usingizi, ndiyo maana wanazuoni wengi huiita tahajudi ile iliyotanguliwa na kulala, japo kidogo. Witri ndiyo kifungio: rakaa moja, tatu au zaidi, mradi hesabu isigawanyike kwa mbili. Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambao ndio wengi pwani yetu, witri ni sunna iliyokokotezwa, yaani iliyotiliwa mkazo. Mahanafi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, huihesabu wajibu. Na tarawehe? Ni kisimamo hichohicho cha Ramadhani. Mtume (s.a.w.) aliiswali na watu msikitini siku chache, kisha akaacha kuwatokea, akichelea isije ikafaradhishwa. Umar bin Khattab ndiye baadaye aliyewakusanya nyuma ya imamu mmoja, Ubayy bin Kaab.

Hofu ile ilikuwa na msingi. Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kuwa mwanzo wa Sura Al-Muzzammil uliteremka na amri ya kusimama usiku, Mtume na masahaba wakasimama mwaka mzima hadi miguu ikavimba. Ndipo ikashuka aya ya mwisho ya sura hiyo kuleta wepesi: someni kilicho chepesi, kwani miongoni mwenu wamo wagonjwa, wasafiri wa kutafuta riziki na wapiganaji. Faradhi ikageuka hiari.

Hiari, lakini yenye cheo. Katika Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, mkusanyaji wa Hadithi, swala bora baada ya za faradhi ni swala ya usiku. Naye na mwenzake Bukhari wamepokea kwamba theluthi ya mwisho ya usiku Mola huuliza: nani ananiomba nimjibu, nani ananitaka msamaha nimsamehe?

Theluthi hiyo wengi huiweka saa tisa kwa kukisia. Afadhali uihesabu. Magharibi ikiwa saa 12:30 jioni na alfajiri saa 11:00, usiku una saa kumi na nusu. Theluthi ni saa tatu na nusu, basi ya mwisho inaanza saa 7:30 usiku. Mla daku basi tayari yumo ndani yake, na bado wengine humaliza chai wakarudi kulala!

Namna yake ni rakaa mbili mbili, ukitoa salamu kila mbili, kisha witri. Asiye na uhakika wa kuamka aswali witri kabla ya kulala. Mwenye tamaa ya kuamka aicheleweshe. Bibi Aisha alisema Mtume hakuwa akizidisha rakaa 11, Ramadhani wala miezi mingine. Mimi nisingemshauri anayeanza akimbilie hata hizo 11. Mtume alimwonya sahaba wake Abdallah bin Amr asiwe kama fulani, aliyekuwa akisimama usiku kisha akaacha. Rakaa tatu za kila siku ni ngumu kudumu nazo kuliko nane za wiki moja tu, na ugumu huo ndio uzito wake.

Na usingizi ukikushinda? Mtume akikosa kisimamo kwa usingizi au maumivu, aliswali mchana rakaa 12. Si 11, kwani witri ni ya usiku. Ikifidiwa mchana huongezwa moja, hesabu ikawa shufwa, yaani yenye kugawanyika kwa mbili.