Waviking hawakuwa na ramani, ila habari zilifika

Muvi za Waviking zimetuharibu kweli. Nahodha anakunjua ramani ya ngozi, anagusa kwa kidole, haya jamani magharibi. Inapendeza kuangalia, ila mpaka leo haijapatikana hata ramani moja ya bahari iliyochorwa na hao Wanorse (watu wa Skandinavia enzi hizo, ndo Waviking wenyewe), bahari yao waliibeba kichwani.

"Sa mbona kuna ile ramani ya Vinland, ile nchi waliyoifikia kule Amerika Kaskazini?" Chuo Kikuu cha Yale kiliitangaza 1965 kwa mbwembwe zote, eti ya karne ya 15, ina kisiwa kule magharibi ya Greenland, watu wakashangilia. 2021 Yale haohao wakasema ni feki, wino wake una titani ya aina iliyoanza kutumika kwenye rangi miaka ya 1920. Na hata ingekuwa halali, karne ya 15 ni miaka 400 na ushee baada ya Leif Eriksson, nahodha anayesimuliwa kufika Vinland, kwa hiyo bado isingekuwa yake.

"Basi walikuwa wanabahatisha tu." Hapana, na hapa ndo mi pananikosha. Kuna maelekezo ya safari yamo kwenye kitabu cha Iceland kinaitwa Hauksbók, cha mwanzoni mwa karne ya 14, kutoka Hernar kule Norwei mpaka Hvarf kule Greenland: shika magharibi, pita kaskazini ya Shetland kiasi kwamba unaviona visiwa anga ikiwa safi tu, halafu kusini ya Faroe kwa umbali ambao bahari inaonekana imepanda nusu ya milima, halafu kusini ya Iceland kiasi cha kukutana na ndege na nyangumi wa huko. Hiyo ya nusu ya mlima ndo kiboko, maana dunia ni duara, ukiwa mbali miguu ya mlima inazama nyuma ya upeo wa macho, kwa hiyo ukiona nusu tu ushajua uko mbali kiasi gani na hujashika kipimo chochote mkononi. Maneno machache ya kukariri, yanakuvusha bahari nzima.

"Si walikuwa na runi, zile herufi zao za kuchonga, waliandika humo." Runi walikuwa nazo, ila walichonga maneno machache, majina mengi na kumbukumbu za marehemu. Lile jiwe la Kingittorsuaq lililookotwa Greenland 1824, kaskazini huko karibu digrii 73, linasema akina Erling, Bjarne na Eindride wamejenga marundo ya mawe Jumamosi fulani, basi, safari yenyewe kimya. Ukikutana na jiwe linalokupa ripoti nzima, kama lile la Kensington la Minnesota lililotokea 1898 likidai ni la 1362, shtuka kidogo. Wataalamu wengi wanasema ni la kughushi.

Saga nazo, yaani masimulizi ya kale ya Iceland, watu wanazichukulia kama shajara ya Leif. Ziliandikwa karne ya 13, miaka 200 baadaye, na zenyewe zinapingana: moja inasema Bjarni Herjólfsson ndo aliona nchi kwanza akiwa kapotea njia na hakushuka (watu walimsema kweli kwa kukosa udadisi), Leif akaja kununua meli yake akaenda, nyingine inampa Leif sifa zote. Lakini majina yamebaki yaleyale, Helluland nchi ya mawe bapa, Markland nchi ya misitu, Vinland nchi ya divai, yaani ukisikia jina unajua ukifika utakuta nini. Ingawa Erik Mwekundu, baba yake Leif, alichakachua, Greenland kaiita nchi ya kijani makusudi ili watu wahamie, na wakahamia kweli, inasimuliwa meli 25 ziliondoka zikafika 14. Halafu hizo stori si hewa: 1960 mpelelezi wa Norwei Helge Ingstad akaonyeshwa magofu pale L'Anse aux Meadows, Newfoundland, Kanada, mke wake Anne Stine akachimba, na 2021 vipimo vya mbao zilizokatwa kwa chuma hapo vikatoa mwaka kamili, 1021.

La mwisho, eti walificha siri ya nchi walizozifikia. Siri gani? Ottar wa Norwei alimsimulia mfalme Alfred wa Wessex kule Uingereza safari zake za kaskazini tangu karne ya 9 na ikaandikwa. Adam wa Bremen, mwanahistoria wa Ujerumani, kwenye miaka ya 1070 kaandika Vinland, kaisikia kwa mfalme Svein wa Denmark. Ari, mwanahistoria wa Iceland, kwenye karne ya 12 anaitaja juujuu tu, kama mtu anayejua msomaji wake anapafahamu. Miaka ya 1340 padri mmoja wa Milano, Italia huko, anaandika kuhusu nchi ya "Marckalada" iliyo magharibi ya Greenland, na 1347 kumbukumbu za Iceland zinasema kimeingia chombo kidogo kisicho hata na nanga, kilikuwa kimetoka Markland.