Rangi ya mafuta ya mimea: kinachobaki na kinachopaa

Fundi wa rangi hapa Goma akikuambia, "Hii ni ya soya, kwa hiyo haitoi hewa mbaya," ameunganisha mambo mawili yasiyo ndugu. Nimeyasikia mpaka yamenichosha.

Kwa kifupi, rangi ya mafuta ya mimea isiyotoa hewa mbaya ni rangi ambayo gundi yake, yaani polima inayokauka ikawa ngozi ngumu juu ya ukuta, au dawa ya kuifanya ishikane, imetokana na mafuta ya soya, kitani, alizeti au mbarika, na ambayo ikikauka inatoa mvuke kidogo tu wa kemikali.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mafuta ya mimea yamo kwenye rangi tangu zamani. Ile rangi ya mafuta tunayopaka kwenye milango na nyumba zetu za mbao, kwa kawaida ni alkidi, nayo hutengenezwa kwa asidi za mafuta ya mimea. Hata hivyo, ukilala humo usiku wa kwanza utaamka kichwa kinauma. Soya haina kosa. Kinachonuka ni kiyeyusho cha petroli kilichoilegeza rangi ipakike: chenyewe kinapaa, soya inabaki.

Rangi ya maji nayo isijisifu. Polima yake ni chembe zinazoelea. Maji yakiondoka, chembe hizo lazima ziungane, na kwa kazi hiyo hutiwa kilainishi ambacho, kwa rangi nyingi, hupaa baadaye. Hapa ndipo mafuta yanapoleta jipya. Asidi zake zikiunganishwa na kemikali iitwayo propilini glikoli, hulainisha chembe, kisha hushikana na oksijeni na kubaki mlemle. Kilainishi cha namna hiyo, Archer RC cha kampuni ya ADM, kilipata tuzo ya rais wa Marekani ya kemia safi mwaka 2005.

Wala si kila mafuta yanaweza. Kushikana na oksijeni kunahitaji vifungo maradufu vya kaboni, yaani mahali atomi mbili za kaboni zimeshikana mara mbili, navyo mawese yana vichache. Yapake kwenye ubao uone: yatanata tu, wakati ya kitani yatakauka.

Kwa hiyo, fundi, endelea kusema "ya soya" kama ni kweli. Ila kabla ya kuongeza hilo la hewa, geuza kopo. Makopo yaliyotengenezwa kuuzwa Ulaya huandikwa COV, kifupi cha Kifaransa cha kemikali zinazopaa, na gramu zake kwa lita.