Mlinzi wa Nguo Uwanjani: Dhana Potofu Kuhusu Vipaji vya Vijana Wenye Ulemavu

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki, kipindi cha michezo kinapoanza, mwanafunzi mwenye ulemavu huachwa chini ya mti alinde mashati na viatu vya wenzake. Mwalimu anayempa kazi hiyo mara nyingi hana nia mbaya, anadhani anamsitiri. Hata hivyo, kipaji cha aliyeketishwa kivulini hakiwezi kuonekana, na dhana zinazofuata zimedumu kwa kuwa ni wachache waliozipima uwanjani.

Dhana iliyozaa nyingine nyingi ni kwamba ulemavu wenyewe ndio unaoamua kama kijana anafaa kwa michezo. Ukweli ni kwamba anayesaka vipaji haanzi kwa kuuliza kijana amepungukiwa na nini, bali mwili wake unaweza kufanya nini, na katika mchezo upi. Ndiyo maana riadha ya Paralimpiki, michezo ya dunia ya wanamichezo wenye ulemavu, imegawanywa katika madaraja: T11 hadi T13 ni ya wasioona na wenye uoni hafifu, T35 hadi T38 ni ya wanaokimbia kwa miguu huku misuli yao ikikaza au kutetemeka, kwa mfano kutokana na mtindio wa ubongo, na T51 hadi T54 ni ya mbio za viti vya magurudumu. Mwalimu asiyeyajua madaraja haya humshindanisha kijana anayechechemea na mkimbiaji hodari wa shule nzima, kisha humwandika kuwa hawezi. Samson Ojuka wa Kenya, aliyeshindana katika daraja la T37, alirudi na medali ya fedha ya kuruka mbali kutoka Paralimpiki ya Paris mwaka 2024. Vivyo hivyo kijana mwenye ualbino, ambaye wengi huiona ngozi yake tu, huenda macho yake yakamweka katika daraja la T12 au T13, mradi mazoezi yake yapangwe alfajiri au jioni, jua likiwa limepoa.

Wengine hushikilia kwamba asiyeanza utotoni amekwisha kuchelewa. Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, akiwa tayari kijana wa miaka ishirini hivi. Miaka mitano baadaye, katika mbio za mita 5,000 za Paralimpiki huko Sydney, mwongozaji wake, yaani mkimbiaji anayeona anayekimbia kando yake, aliishiwa nguvu kabla ya mwisho, na asiyeona akawa ndiye anayemkokota anayeona hadi kwenye mstari. Alipata dhahabu, na mwaka 2004 mjini Athens akaongeza nyingine mbili, za mita 5,000 na 10,000. Kisa hiki kina somo ambalo makocha hulisahau: mwongozaji naye ni kipaji cha kutafutwa, kwa kuwa lazima awe na mbio kuliko yule anayemwongoza.

Kuhusu gharama, kiti cha magurudumu cha mashindano ni ghali kweli, na hapo sibishi. Lakini si kila mchezo unakihitaji. Voliboli ya kuketi, iliyoipeleka timu ya wanawake ya Rwanda hadi Rio mwaka 2016, huhitaji mpira, sakafu laini na wavu wa kimo cha mita 1.05 kwa wanawake. Katika soka la waliokatwa viungo, wachezaji wote isipokuwa kipa hukimbia kwa mguu mmoja na magongo mawili. Mguu bandia huvuliwa.

Viziwi nao hudhaniwa kuwa wamo katika Paralimpiki. Wana michezo yao ya dunia, Deaflympics, ambayo mji wa Taipei, Taiwan, uliiandaa mwaka 2009.

Dhana ninayoiona kuwa mbaya kuliko zote huja kwa sura ya wema, nayo ni kwamba kwa kijana huyu kushiriki kunatosha. Hupigiwa makofi, hupewa soda na kupigwa picha, lakini hakuna anayeshika saa. Anachohitaji ni kocha wa kumkosoa kama anavyowakosoa wengine, na daftari lenye muda wake wa leo kando ya muda wa mwezi uliopita, ili anayemtazama ajue kama mazoezi yanamjenga au anazungushwa uwanjani bure.