Kusi katika sura ya 7

Bahasha iliingia Jumanne na basi la alasiri. Ilishushwa Mokowe, upande wa bara, ikavuka na boti, na kijana mmoja wa gatini akaniletea mpaka mlangoni kwangu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, imevikwa nailoni mbili kwa ajili ya mvua. Ndani mlikuwa na prufu ya pili ya riwaya yangu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa za kukaguliwa kabla ya kuchapwa: kurasa 238 zisizoshonwa, zimebanwa kwa mpira, na juu yake barua fupi ya mhariri. Nina siku 14 za kuzisoma na kuzirudisha. Baada ya hapo zinakwenda kwa wapigachapa.

Nikimwambia mtu riwaya iko kwenye prufu, hunipa hongera kana kwamba kazi imekwisha. Wanafunzi wangu wa uandishi nao huniuliza kipindi hiki mwandishi hufanya nini, maana kitabu si kimeshaandikwa? Naandika haya kwa ajili yao, na nitasema mambo kama yalivyonifika mwaka huu, kwa sababu mwaka huu prufu ndiyo iliyonifunza kitabu changu kinahusu nini.

Kwanza mjue tofauti ya mswada na prufu. Kwenye mswada unaongeza aya utakavyo, hakuna anayeumia. Kwenye prufu kila mstari umeshapangwa mahali pake. Ukiingiza maneno matano ukurasa wa 40, mstari unasukuma mstari, na tuta la maneno linaweza kutua ukurasa wa 52, mwisho wa sura. Tena kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mafungu, na fungu la kawaida ni kurasa 16. Mafungu 15 ni kurasa 240. Zangu 238 ziliingia humo vizuri, zikabaki mbili tupu mwishoni. Zikifika 241, linalipiwa fungu zima jipya, na bei ya kila nakala inapanda. Shikeni hesabu hiyo, itarudi.

Mimi prufu siisomi kwa macho peke yake. Naisoma kwa sauti, dakani, yaani baraza ya mlangoni, baada ya Magharibi, na msikilizaji wangu ni shangazi. Yeye hushona kofia. Ameketi pale na kitambaa magotini, tundu baada ya tundu, haangalii karatasi yangu wala uso wangu. Nami naitazama sindano yake. Ikienda, nasoma. Ikisimama, naweka alama pembeni kwa penseli kabla hata hajafungua kinywa. Miaka yote sijaona sindano ile ikisimama bure.

Sindano ilisimama sura ya 7. Riwaya yangu ni ya mwaka 1974. Mume wa Salma, mwanamke wa hadithi yangu, anaondoka Lamu kwa jahazi kwenda Mombasa, mwezi wa Julai, kwa sababu bahari imechafuka, samaki hawapatikani na nyumbani hakuna kitu. Nilipenda sababu hiyo. Upepo wa kusi ukikaza, watu wa pwani hii huijua njaa yake. Shangazi akasema neno moja tu: "Kamuulize nahodha."

Nilimwendea asubuhi yake, mzee wa miaka zaidi ya themanini, nikamkuta kwenye kivuli karibu na gati. Nilimwamkia, nikaketi, nikamsomea kurasa nne. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, jahazi hili lina mashini?"

"Halina, Nahodha. Ni tanga tu."

"Basi Julai linashukaje Mombasa? Kusi si lapiga usoni?"

Nimezaliwa kisiwani. Upepo huo nimeulalia tangu utoto. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba mpaka Machi. Kusi hushika Aprili mpaka Septemba na huwa kali zaidi kuanzia Juni. Mombasa iko kusini-magharibi yetu. Chombo cha tanga hushuka na kaskazi na hupanda na kusi, na biashara yote ya pwani, ya Arabuni na ya hapa, ilisimama juu ya hilo. Hayo nayajua kama jina langu. Lakini nilipokuwa naandika nilimfikiria Salma na sufuria lake tupu, nikamsahau mumewe baharini. Wasomaji watatu waliupitia mswada bila kuona. Msomaji wa Siyu au Faza angeona mara moja, na kuanzia ukurasa ule asingeniamini tena hata ninapoeleza mapishi.

Kurekebisha si kufuta "Julai" ukaandika "Januari". Hapa ndipo wanafunzi wangu wanapodhani kazi ni ndogo. Januari bahari ni shwari, samaki wapo, kwa hiyo sababu ya safari imekufa. Ikabidi mume apakie kitu. Nikampa boriti za mikoko, maana mwaka 1974 biashara hiyo ilikuwa bado hai. Marufuku ya kuzipeleka nje ilikuja 1982. Boriti zikaja na lugha yake: hazihesabiwi moja moja, huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Nilirudi kwa Nahodha mara mbili zaidi kuuliza zinavyolazwa ndani ya chombo. Alinionyesha kwa vijiti vya kiberiti juu ya goti lake, vinene chini, vyembamba juu, na ule mkono wake ukitetemeka nikaogopa vitaanguka. Havikuanguka. Kitendo kile kimo kitabuni sasa.

Kisha kurudi. Kwanza nilikuwa nimemrudisha mume baada ya wiki tatu. Kwa upepo gani? Aliyeshuka Januari hukaa Mombasa akisubiri kaskazi iishe na kusi ianze. Huyu basi harudi kabla ya Aprili. Na wakati huohuo nikagundua kosa la pili, lililojificha nyuma ya lile la kwanza: nilikuwa nimeyaweka Maulidi mwezi wa Agosti. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Maulidi huzunguka miezi yote. Mwaka 1974 Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, uliangukia mwishoni mwa Machi na kuingia Aprili. Nani angekumbuka? Watu wa msikiti wa Riyadha wangekumbuka, na wana wa waliokuwapo.

Makosa hayo mawili yalipokutana, yalinipa kitu ambacho sikuwa nacho. Mume anarudi na upepo wa kwanza wa kusi, chombo kimejaa wageni wa Maulidi, matari yanasikika tangu hawajafunga kamba, na Salma yuko gatini na mtoto wa wiki sita ambaye baba yake hajui kama ni wa kiume au wa kike. Miezi mitatu ya kungoja ambayo mwanzo haikuwapo ndiyo sasa moyo wa riwaya. Nasema haya kwa shukrani kubwa. Pepo zinaijua hadithi ya pwani kuliko mimi.

Sura ya kurasa nne ikawa tisa. Kitabu kikafika 243.

Kurasa tatu zilipaswa kutoka. Siku mbili nzima nilizunguka nazo nyumbani. Nilijaribu kukata harusi, nikakata mistari ya bibi anapochoma mkate wa mofa, nikairudisha. Usiku wa pili nikautazama utangulizi wa riwaya, ule unaokuja kabla ya sura ya 1, na ulikuwa kurasa tatu kamili. Humo nilikuwa nimeeleza kwamba mji wetu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwamba ngome ilikamilika 1821, kwamba vichochoro vyetu havipiti gari na mizigo hubebwa na punda. Yote ni kweli. Lakini nilikuwa naongea na nani? Salma hajielezi mji wake. Mtoto wa Shela atakayesoma kitabu hiki shuleni hahitaji kuambiwa punda ni nini. Kurasa zile zilimgeukia mgeni zikampa mgongo mwenyeji, na mimi niliandika kitabu hiki ili mwenyeji ajione. Nikazitoa. Kurasa 240, mafungu 15.

Uamuzi huo ndio ulionipa nguvu kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni lugha.

Katika prufu ya kwanza mhariri wangu, mtu makini ninayemheshimu, alikuwa amesahihisha mazungumzo. "Ndia" ikawa njia, "mato" yakawa macho, "mai" yakawa maji. Mahali 61. Kwa kanuni alizofunzwa hakukosea. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio uliochagua hivyo, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Kabla ya hapo, kwa karne nzima na zaidi, Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, ndicho kilichokuwa lugha ya tenzi kubwa za upande huu. Utendi wa Tambuka una tarehe ya 1728, kutoka Pate. Mwana Kupona alitunga wasia wake 1858, mgonjwa, na anaanza kwa kumwita bintiye asogee na wino na karatasi. Hebu itazameni picha hiyo: mama anasema, binti anaandika. Sikio lilitangulia kalamu.

Nilikubali masahihisho yale mwanzoni. Nilikuwa nimechoka, na nilijiambia msomaji wa Kakamega au wa Dodoma atapotea. Kisha nikamsomea shangazi maneno ya bibi yake Salma, na sindano ikasimama.

"Huyu bibi ni mtu wa wapi?"

"Wa Mkomani, shangazi."

"Wa Mkomani, na asema 'macho'?"

Sikuwa na jibu. Nikarudisha yote 61, nikamwandikia mhariri barua ndefu. Msimulizi wa riwaya anasema Kiswahili sanifu, kwa sababu ndiyo sauti inayofika mbali. Vinywa vya watu vinasema Kiamu, kwa sababu ni vinywa vyao. Wala hakuna faharasa mwishoni. Mhariri alijibu kwa upole: sawa, lakini mpe msomaji pa kushika. Alikuwa na haki, na nampa shukrani zake hapa.

Pa kushika ni kitendo. Neno geni likikaa kando ya kitendo chake, msomaji hupita bila kujikwaa. "Nipe mai," anasema mzee, na mkono wake umeshafika kwenye kata. Lililonisumbua zaidi ni "kuteka". Sisi kuteka ni kucheka. Kwenye kitabu cha shule kuteka ni kuchota maji kisimani, au kukamata mateka. Mhariri aliposoma "wateka" alidhani kuna vita. Sasa imekaa hivi:

"Wateka nini?" bibi akauliza, na kicheko cha Salma kikakatika kooni.

Mistari miwili. Ilinichukua asubuhi nzima na naiona fahari.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka, ila someni mkataba wenu kabla ya kusaini. Mrabaha, yaani sehemu ya mwandishi, wa asilimia 10 unaweza kuwa pesa mbili tofauti. Kitabu cha shilingi 800, asilimia 10 ya bei ya jalada ni shilingi 80. Kama mkataba unasema asilimia 10 ya mapato ya mchapishaji, na muuza vitabu amepewa punguzo la asilimia 35, inayobaki ni 520, na chako ni 52. Kwenye nakala 1,000 tofauti ni shilingi 28,000. Neno moja tu kwenye karatasi. Ulizeni, msione haya. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, kwetu hutolewa na KNLS, shirika la maktaba la taifa, tarakimu 13, na ya mwisho si ya mapambo: zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa zamu, jumlisha, na jumla lazima igawanyike kwa 10. Nimeifanya kwenye jalada langu kwa mkono. Inagawanyika.

Uzinduzi nimeomba ufanyike uani mwa ngome, baada ya Alasiri, watu wakishatoka kuswali na kabla jua halijazama. Mpaka 1984 pale palikuwa jela, na wapo wazee mjini ambao hawapendi kupita mlangoni mwake. Nimewaendea wawili mwenyewe kuwaalika. Nahodha atakaa mbele. Vitabu vitakuja kwa makatoni mpaka Mokowe, vivuke, kisha punda. Nimeshatafuta turubai, na chumba cha juu kwa kuvihifadhi, maana hewa ya chumvi hukunja jalada kwa wiki moja ukiliacha chini. Nitasoma sura ya 7 bila kipaza sauti.

Bahasha inaondoka Jumapili asubuhi. Jana usiku tulifika ukurasa wa 231, bado tisa. Nilitaka tumalize palepale, lakini shangazi alikunja kitambaa chake akasema tungoje leo baada ya Isha. Mwisho hataki kuusikia huku anashona.