Paka mwenye ugonjwa mkali wa kinywa: kwa nini wakati mwingine tunang'oa meno yote

Katika kazi yangu ya kutibu wanyama wa majumbani hapa Dar es Salaam, hakuna ushauri unaowashtua wafugaji wa paka kuliko kuambiwa kwamba meno yote ya nyuma ya mnyama wao, na pengine meno yote kabisa, yanapaswa kung'olewa. Mtu aliyekuja akitarajia sindano moja na dawa za wiki moja hujikuta akielezwa habari za nusu kaputi, picha za eksirei na upasuaji wa saa kadhaa. Swali linalofuata ni lilelile kila mara, na juzi mama mmoja mtu mzima aliniuliza huku amempakata paka wake: "Sasa dokta, ukimaliza kumng'oa, atakula na nini?" Nilimjibu, "Mama, sasa hivi hali kwa sababu anaumwa. Maumivu yakiondoka, atakula." Jibu hilo ni fupi mno kwa mtu anayetakiwa kufanya uamuzi mzito, na ndiyo maana naandika makala haya.

Paka aliyekomaa ana meno 30. Kati ya hayo, 12 ni meno madogo ya mbele ambayo hutumika zaidi kuchambulia manyoya, manne ni chonge, na 14 yaliyobaki ndiyo ya nyuma. Ingawa tumezoea kuyaita magego, meno hayo ya nyuma hayasagi chakula kama ya kwetu, kwa kuwa taya la paka halisogei kulia na kushoto kwa kiasi cha maana. Hufanya kazi kama mkasi, yakikata nyama vipande ambavyo humezwa bila kutafunwa. Paka anayelishwa nyumbani, ambaye chakula chake tayari kimekatwakatwa au kupondwa, anayategemea meno hayo kwa kiasi kidogo kuliko mwenye paka anavyodhani.

Maradhi ya kinywa ninayokutana nayo ni ya aina kadhaa, na si yote yanayohitaji hatua kali. Yaliyozoeleka ni ya fizi. Ukoga hujikusanya kwenye shingo ya jino, hugeuka kuwa gamba gumu la rangi ya manjano au kahawia, na bakteria waliomo huvimbisha ufizi. Hatua hiyo ya mwanzo hurekebishika kwa kusafisha meno. Ikiachwa, mfupa unaoshika jino huanza kulika, na mfupa uliokwisha kulika haurudi.

Ugonjwa wa pili ni wa ajabu zaidi. Jino la paka humomonyolewa na chembe hai za mwili wake mwenyewe, zilezile ambazo kwa kawaida zina kazi ya kuyeyusha mizizi ya meno ya utotoni ili yadondoke. Huku si kuoza kwa meno kunakosababishwa na sukari, kwani kuoza kwa namna hiyo ni nadra sana kwa paka. Kwa macho utaona alama nyekundu tu kwenye mpaka wa jino na ufizi, kana kwamba ufizi umepanda juu ya jino, mara nyingi kwenye jino la kwanza la nyuma la taya la chini. Chini ya alama hiyo kuna shimo lililofika kwenye neva. Hata paka akiwa amelala kwa nusu kaputi, ukipagusa mahali hapo kwa ncha ya kifaa taya lake hutetemeka, na kwangu mimi hakuna ushahidi ulio wazi zaidi wa maumivu anayoyabeba mnyama huyo akiwa macho. Jino la namna hiyo halizibwi, huondolewa.

Ugonjwa wa tatu ndio mkali kuliko yote, nao ni uvimbe sugu wa fizi na kinywa. Hapa kinga ya mwili wa paka huushambulia utando wa kinywa kwa nguvu isiyolingana na kiasi cha ukoga kilichopo. Ukifungua kinywa, utaona sehemu ya nyuma kabisa, pembeni ya koo pale taya la juu na la chini yanapokutana, imekuwa nyekundu iliyoiva, imevimba na inatoa damu kwa kuguswa tu. Virusi vya kalisi, ambavyo husababisha mafua na vidonda vya ulimi kwa paka, hupatikana kwa wengi wa wagonjwa hawa, na ni desturi yangu kuwapima pia virusi vya FIV na FeLV, vinavyodhoofisha kinga ya paka lakini haviambukizi binadamu.

Wengi hunijia wakiwa wamechelewa kwa sababu ya sentensi moja: "Lakini bado anakula." Paka ni mnyama anayeficha maumivu, na njaa humlazimisha kula hata kinywa kikiwaka moto. Nawaomba wafugaji wasitazame bakuli pekee, bali wamtazame paka mwenyewe anavyokula. Mgonjwa wa kinywa huenda mbio kwenye chakula, hukinusa, kisha hurudi nyuma au hutoa mlio wa hasira kana kwamba chakula ndicho kilichomuuma. Humchukua dagaa kwa upande mmoja wa mdomo, huinamisha kichwa, humdondosha na kumwokota tena, au humeza mzima bila kumkata. Manyoya ya mgongoni hukosa mng'ao na kuanza kushikana mafundo kwa sababu ulimi unaouma haujilambi tena. Dalili ninayoiangalia mapema kuliko zote ni upande wa ndani wa miguu ya mbele: kwa paka anayejipangusa mate mara kwa mara, manyoya ya hapo huwa yamegandamana na kuwa ya rangi ya kutu, na ukinusa utapata harufu ileile ya kinywani.

Jambo moja la usalama lazima lisemwe kabla ya yote. Katika nchi zetu ugonjwa wa kichaa cha mbwa bado upo, nao huwapata paka pia. Paka anayedondosha udenda ghafla, aliyebadilika tabia, anayeshindwa kumeza au anayeshambulia bila sababu, hasa kama hajachanjwa au hutembea nje, asifunguliwe mdomo na mtu yeyote nyumbani. Mtengeni na watu na wanyama wengine, kisha mpigieni simu daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyohiyo.

Huruma nayo huua, na hili nalisema kwa uchungu. Parasetamoli, ambayo haikosekani katika nyumba yoyote, ni sumu kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo, hivyo mabaki yake huharibu chembe nyekundu za damu zikashindwa kubeba oksijeni; fizi hugeuka rangi ya udongo, uso huvimba, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ni hatari. Mafuta ya karafuu, ambayo tangu utotoni tumeyajua kuwa ni dawa ya jino linalouma, yana kemikali za jamii ileile ambazo ini la paka hushindwa kuzishughulikia, kwa hiyo pamba yenye karafuu isiwekwe kinywani mwake hata kidogo. Kumsukutua kwa maji ya chumvi nako hakumsaidii. Humwongezea tu maumivu na hofu.

Upande wa kliniki nako kuna njia za mkato. Antibayotiki hupunguza uvimbe kwa muda, kisha uvimbe hurudi, kwa sababu chanzo hakijaondoka. Sindano za steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, humfanya paka ale vizuri ndani ya siku moja au mbili, na ndiyo maana zinapendwa. Lakini katika uvimbe sugu nafuu hiyo huwa inafupika kadiri sindano zinavyorudiwa, na matumizi ya muda mrefu yanaweza kumletea paka kisukari. Simlaumu anayechoma sindano moja ili mnyama apate nguvu ya kustahimili upasuaji. Ninachokipinga ni kuugeuza mpango huo kuwa matibabu ya miaka, wakati kinywa kinazidi kuharibika. Siungi mkono pia kukwangua ukoga kwa paka aliye macho, kwa kuwa kunang'arisha sehemu inayoonekana tu, huku ugonjwa ukiendelea chini ya ufizi, na mnyama akipata kila sababu ya kuogopa kuguswa mdomo.

Kung'oa meno ya nyuma husaidia kwa sababu ukoga hujishikiza kwenye meno. Jino likiondoka pamoja na mizizi yake yote, uso ambao bakteria waliuganda huondoka nalo, na kinga ya mwili hupungukiwa na kile kilichokuwa kikiichochea. Kwa takriban theluthi mbili ya paka wenye uvimbe sugu, upasuaji huu huleta nafuu kubwa au uponyaji kamili. Neno "mizizi yake yote" ndilo lenye uzito hapa. Mzizi uliokatikia ndani ya taya huendelea kuchochea uvimbe, na mfugaji huondoka akiamini kwamba tiba imeshindwa kumbe haijakamilika. Ndiyo sababu nasisitiza picha za eksirei za meno kabla na baada ya kung'oa. Si kila kliniki ina mashine hiyo, kwa hiyo ulizeni mapema, na kama haipo ombeni kuelekezwa inakopatikana.

Kuhusu nusu kaputi, hofu ni ya haki, lakini hatari yake hupunguzwa kwa maandalizi. Huwa napima damu kuangalia figo na ini, hasa kwa paka wa zaidi ya miaka saba, na mwenye upungufu wa maji mwilini huwekewa dripu kwanza. Wakati wa kazi, mpira maalumu huingizwa kwenye njia ya hewa ili maji na damu visiingie mapafuni, na mwili hupashwa joto kwa kuwa paka mwenye kinywa kilicholowa hupoa upesi. Juu ya usingizi huo huchomwa pia sindano ya ganzi kwenye neva za taya, ili aamke bila mshtuko wa maumivu. Ufizi hufunuliwa, meno yenye mizizi zaidi ya mmoja hukatwa ili kila mzizi utoke peke yake, kingo za mfupa hulainishwa, na ufizi hushonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Kuna jambo dogo ambalo mfugaji anaweza kuliuliza bila kuona haya: kama daktari hutumia kifaa cha springi cha kuachamisha kinywa. Kumwachamisha paka kupita kiasi kwa muda mrefu hubana mshipa wa damu unaoelekea kichwani, na wapo paka walioamka wakiwa vipofu. Chonge zikiwa nzima na hazina uvimbe, mara nyingi naziacha pamoja na meno ya mbele, na naziondoa baadaye ikiwa hali inadai.

Siku za kwanza nyumbani ndizo zinazohitaji moyo. Dawa ya maumivu itolewe kwa saa zilizoandikwa, hata kama paka anaonekana mchangamfu. Buprenofini ni dawa inayofaa kwa paka kwa sababu hufyonzwa kupitia utando wa kinywa. Hudondoshewa ndani ya shavu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Chakula kiwe laini kwa wiki mbili hivi. Wanaolisha dagaa wawachemshe bila chumvi, watoe vichwa, kisha wawasage pamoja na maji waliyochemshiwa hadi wawe uji mzito; samaki mwingine achambuliwe miiba kwa vidole, si kwa kumwangalia kwa macho tu. Mchuzi wa nyumbani usitumike, kwa kuwa kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Chakula kikiwa vuguvugu hunukia zaidi, na paka mgonjwa huanza kula kwa pua.

Asipokula kabisa kwa siku mbili, msisubiri ya tatu. Paka anayeacha kula, hasa aliyenenepa, huhamisha mafuta mengi kwenda kwenye ini hadi ini likashindwa kufanya kazi, na hali hiyo huua. Wale ambao nawaona wamekonda mno tangu mwanzo huwawekea mrija wa kulishia kupitia shingoni wakati uleule wa upasuaji. Unatisha kuutazama, lakini hupitisha chakula na dawa bila kukigusa kinywa, na paka anaweza kula mwenyewe huku mrija ukiwa bado upo.

Baada ya ufizi kufunga, wengi hurudia hata chakula kikavu cha pakiti, wakikimeza kizima kama walivyokuwa wakifanya walipokuwa na meno. Ila kwa uvimbe sugu, nyama ya nyuma ya koo haitulii kwa wiki moja. Hungoja miezi kadhaa, nikimpima paka uzito kila anaporudi, kwa sababu mizani huonyesha nafuu mapema kuliko rangi ya kinywa. Kwa wale ambao hawapati nafuu ya kutosha, hatua ya kwanza ni kurudia eksirei kutafuta vipande vya mizizi, na ya pili, hasa kama kidonda kipo upande mmoja au chini ya ulimi kwa paka mzee, ni kukata kipande cha nyama kwenda maabara, maana saratani ya kinywa huanza kwa sura hiyohiyo. Vipimo hivyo vikiwa safi, naanza kumpa paka siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa uangalizi wa damu, nayo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, Marekani, wamewatibu baadhi ya paka wa kundi hili kwa seli shina, yaani chembe hai changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, zilizotolewa kwenye mafuta ya mwili na kupata matokeo yenye kutia moyo. Tiba hiyo si ya kliniki ya kawaida, hivyo kwa mgonjwa niliye naye mezani hubaki na siklosporini, dawa ya maumivu, na mizani.